Samuel Hahnemann: Tabibu Aliyeamini Dawa ya Moto ni Moto

Mnamo mwaka 1790, katika makazi ya kimaskini karibu na mji wa Leipzig nchini Ujerumani, daktari mmoja mwenye afya njema alikunywa kwa makusudi dawa ya malaria. Hakuwa na homa. Alichotaka ni kuona dawa hiyo ingemfanya nini mtu asiyeumwa. Jaribio hilo la siku chache ndilo lililozaa homeopathia, tiba mbadala ambayo hadi leo ina wafuasi wengi barani Ulaya, India na Amerika Kusini, na ambayo imefika pia Afrika Mashariki.

Daktari huyo aliitwa Christian Friedrich Samuel Hahnemann. Katika maisha yake ya miaka 88 aliyaona waziwazi makosa ya matabibu wa zama zake, akayakemea bila woga, na akadai kwamba kila dawa ichunguzwe kwanza kabla ya kupewa mgonjwa. Kisha akajenga mfumo wake mwenyewe wa tiba, na mfumo huo ulipochunguzwa haukufaulu.

Mwana wa mchora kauri

Hahnemann alizaliwa tarehe 10 Aprili 1755 mjini Meissen, katika dola ya Saksonia, mashariki mwa Ujerumani ya leo. Meissen ilisifika Ulaya nzima kwa kiwanda chake cha kauri kilichoanzishwa mwaka 1710, ambacho kilikuwa cha kwanza barani humo kutengeneza vyombo vinavyoweza kulinganishwa na kauri nyeupe ya China. Baba yake, Christian Gottfried, alikuwa mmoja wa wachoraji waliovipamba vyombo hivyo. Mtoto alipofikisha umri wa mwaka mmoja, Vita vya Miaka Saba vilizuka na majeshi ya Prussia yakaivamia Saksonia. Kazi ya kauri ikadorora, na familia ikaingia katika dhiki.

Kwa sababu ya dhiki hiyo, baba alimtoa kijana shuleni zaidi ya mara moja ili akajifunze biashara. Walimu wake hawakukubali kumpoteza. Walikwisha kuona kipaji chake cha lugha, na wakaomba aendelee na masomo bila kulipa karo. Inasimuliwa kwamba nyumbani alijitengenezea taa ya udongo ili asome usiku kwa siri, baba asijue mafuta ya nyumba yanakwenda wapi. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, hakuna shaka kwamba alipofika utu uzima alikuwa amekwisha kuzimudu Kilatini, Kigiriki, Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano, na alisoma pia Kiebrania na Kiarabu.

Mwaka 1775 alikwenda Leipzig kusomea udaktari, mfukoni akiwa na talari 20 tu, sarafu ya fedha iliyotumiwa na Wajerumani wa wakati huo. Alijikimu kwa kufundisha lugha na kutafsiri vitabu vya Kiingereza vya tiba na sayansi. Chuo cha Leipzig kilikuwa na wahadhiri hodari, lakini hakikuwa na hospitali ambamo wanafunzi wangeweza kuwaona wagonjwa. Kwa hiyo mwaka 1777 alihamia Vienna, akafunzwa na Joseph von Quarin, mmoja wa matabibu wakubwa wa jiji hilo, katika hospitali ya watawa wa Kikatoliki. Akiba yake ilipokwisha alichukua kazi Transilvania, katika Romania ya leo, kwa gavana Samuel von Brukenthal. Huko alipanga maktaba ya gavana na kutibu wagonjwa katika eneo lenye mabwawa na homa nyingi za malaria. Hatimaye, mwaka 1779, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Erlangen.

Zama za miruba na zebaki

Ili kumwelewa Hahnemann ni lazima kwanza kuielewa tiba aliyoikuta. Matabibu wengi wa karne ya 18 walikuwa bado wanafuata mafundisho ya Wagiriki wa kale, yaliyosema kwamba afya ni mizani ya vimiminika vinne mwilini: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mafundisho hayo yaliendelezwa pia na matabibu wa Kiarabu, na mwangwi wake ulifika hadi mwambao wa Afrika Mashariki, ambako wazee hadi leo huzungumzia vyakula vya baridi na vyakula vya moto.

Ulaya, fikra hizo zilikuwa zimegeuka kuwa balaa kwa wagonjwa. Aliyekuwa na homa alikatwa mshipa ili damu itoke, au alibandikwa miruba imnyonye. Alinyweshwa haluli kali hadi aishiwe nguvu, na akatapishwa. Alipewa zebaki hadi ufizi ukavimba na meno yakalegea. Dawa moja iliweza kuchanganywa na vitu kumi au zaidi, na hakuna aliyeweza kueleza ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi gani. Wengi walikufa kwa matibabu, si kwa ugonjwa.

Hahnemann alifanya kazi katika miji midogo kadhaa. Mwaka 1782 alimwoa Henriette Küchler, binti aliyelelewa katika nyumba ya mtayarishaji dawa wa mji wa Dessau, na wakajaliwa watoto 11. Kadiri familia ilivyokua, ndivyo imani yake katika kazi yake ilivyopungua. Aliona kwamba hana hakika na anachowapa wagonjwa, na akaogopa kuwa muuaji badala ya mponyaji. Akaamua kuacha kutibu kwa kipindi, akarudi kutafsiri vitabu na kufanya utafiti wa kemia.

Uamuzi huo uliwagharimu mkewe na watoto, kwani kalamu ya mtafsiri haikushibisha nyumba yenye vinywa vingi. Hata hivyo, katika miaka hiyo alijijengea jina katika sayansi. Mwaka 1786 alichapisha kitabu kuhusu sumu ya aseniki na namna ya kuitambua mahakamani. Alibuni pia njia ya kugundua madini ya risasi katika mvinyo, wakati ambapo wafanyabiashara wasio waaminifu walitumia chumvi ya risasi kuutia mvinyo utamu na kuwadhuru wanywaji.

Mwaka 1792 mfalme mkuu Leopold wa Pili wa Austria alifariki ghafla baada ya madaktari wake kumtoa damu mara kadhaa. Hahnemann, ambaye hakuwa na cheo wala ulinzi wa mkubwa yeyote, aliandika gazetini akiwataka madaktari hao waeleze mbele ya umma kwa nini waliendelea kumtoa damu mtu ambaye hali yake ilizidi kuwa mbaya kila walipofanya hivyo. Mwaka huohuo alimpokea Friedrich Klockenbring, ofisa maarufu wa Hanover aliyekuwa amerukwa na akili. Wakati huo wagonjwa wa namna hiyo walifungwa minyororo na kuchapwa viboko. Hahnemann alikataza fimbo na pingu, akamtazama mgonjwa wake kwa subira siku baada ya siku, na Klockenbring akarudi kwao akiwa na nafuu kubwa.

Gome la mkwinini

Jaribio la mwaka 1790 lilianzia kwenye meza ya mtafsiri. Hahnemann alikuwa anatafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen, profesa maarufu wa Scotland. Cullen alieleza kwamba gome la mti wa mkwinini, lililoletwa Ulaya kutoka milima ya Andes, huponya homa ya vipindi kwa sababu ya ukali na uchungu wake unaoliimarisha tumbo. Hahnemann hakuridhika. Kulikuwa na vitu vingi vichungu kuliko gome hilo, na havikuponya homa. Basi akaamua kulijaribu mwilini mwake, akalinywa mara mbili kwa siku kwa siku kadhaa.

Aliandika kwamba miguu na ncha za vidole vilipoa, moyo ukaenda mbio, mwili ukatetemeka, mashavu yakawa mekundu na kiu ikamshika. Aliziona hizo kuwa dalili zilezile za homa ya vipindi, ingawa hakupata homa yenyewe. Alipoacha kunywa dawa, dalili zikatoweka. Kutokana na hapo akafikia hitimisho lililobadili maisha yake: gome la mkwinini huponya homa kwa sababu lina uwezo wa kuzusha hali inayofanana na homa kwa mtu asiyeumwa.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili wazo hili si geni. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hata Ulaya lilikuwa limetajwa tangu zamani na Wagiriki. Jipya kwa Hahnemann ni kulifanya kuwa sheria kuu ya tiba yote. Mwaka 1796 alichapisha makala katika jarida la daktari mashuhuri Hufeland akiieleza kanuni hiyo, kwamba ugonjwa utibiwe kwa dawa inayozusha dalili zinazofanana nao. Jina homeopathia alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mfanano na maumivu.

Sayansi ya baadaye ilionyesha kwamba msingi huo ulikuwa umejengwa juu ya mchanga. Wengine waliolinywa gome hilo hawakupata dalili kama alizozieleza Hahnemann. Mwaka 1820, naye angali hai, Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kutoka katika gome hilo dawa ya kwinini. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliviona kwa hadubini vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa, na mwaka 1897 Ronald Ross alithibitisha nchini India kwamba mbu hubeba vimelea hivyo. Kwinini huponya malaria kwa sababu huviua vimelea. Haihusiani na mfanano wa dalili.

Chupa za wanafunzi wa Leipzig

Hahnemann hakuishia kwenye mkwinini. Kwa miaka mingi alijaribu dawa nyingine mwilini mwake, kwa jamaa zake na kwa wanafunzi wake, akiandika kila maumivu, kila ndoto na kila badiliko la hamu ya chakula. Waliojaribu dawa walikatazwa kahawa, pombe na viungo vikali. Kahawa aliichukia kwa namna ya pekee, na mwaka 1803 alichapisha kijitabu kizima kuhusu madhara yake.

Mwaka 1810 alitoa kitabu kikuu cha maisha yake, Organon, ambacho kilipangwa kwa aya zenye namba kama sheria za nchi. Humo alifundisha kwamba tabibu ampe mgonjwa dawa moja tu kwa wakati mmoja, kwa kiasi kidogo kabisa, baada ya kumsikiliza kwa makini na kuandika maelezo yake yote. Katika zama ambazo tabibu alitazama ulimi, akakamata mkono na kuagiza mruba, mashauriano ya namna hiyo yalikuwa faraja kubwa kwa wagonjwa.

Mwaka 1811 alirudi Leipzig, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha chuoni. Mihadhara yake ilijaa shutuma kali dhidi ya madaktari wenzake. Wengi walikwenda kumcheka, lakini kundi dogo la wanafunzi lilibaki naye na kumsaidia kuzijaribu dawa. Oktoba 1813 mapigano makubwa dhidi ya Napoleon yalitokea kandokando ya mji huo, na homa kali inayoenezwa na chawa ikazuka kati ya majeruhi na wenyeji. Hahnemann alitibu wengi, na wafuasi wake wakatangaza kwamba karibu wote walipona.

Umaarufu ulimletea maadui. Wauza dawa wa Leipzig walimshtaki kwa sababu alizitengeneza na kuzigawa dawa zake mwenyewe, kazi ambayo kisheria ilikuwa yao. Mwaka 1820 Jemadari Karl Philipp wa Schwarzenberg, aliyeongoza majeshi ya muungano katika ushindi wa 1813, alikuja Leipzig akiwa mgonjwa sana ili atibiwe na Hahnemann. Jemadari akafariki mwezi Oktoba mwaka huo, na wapinzani wakapata fimbo ya kumchapia. Mwaka 1821 aliondoka Leipzig na kuhamia mji mdogo wa Köthen, ambako mtawala Ferdinand wa Anhalt-Köthen alimpa ulinzi na ruhusa ya kutengeneza dawa zake.

Tone katika ziwa

Sehemu ya homeopathia iliyozusha ubishi mkubwa kuliko zote ni namna dawa zake zinavyotayarishwa. Hahnemann alianza kwa kupunguza vipimo ili sumu kama aseniki na zebaki zisimdhuru mgonjwa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini aliendelea kuzimua dawa hatua kwa hatua, akaja kuamini kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa na kutikiswa, ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Alielekeza kwamba kila hatua chupa igongwe mara kadhaa juu ya kitu kigumu chenye kunepa, kama vile kitabu chenye jalada la ngozi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya kileo au maji, na hiyo ni hatua ya kwanza. Tone moja la mchanganyiko huo huchanganywa tena na matone mengine 99, na hiyo ni hatua ya pili. Katika miaka ya Köthen Hahnemann alipendelea kufika hatua ya 30.

Hesabu yake ni ya kushangaza. Tone moja la dawa likikorogwa katika maji yote ya Ziwa Viktoria, mchanganyiko utakaopatikana utakaribia hatua ya 10 tu. Kuanzia hatua ya 12, uwezekano wa kubaki hata chembe moja ya dawa ya asili ni mdogo sana. Katika hatua ya 30, mgonjwa anapokea maji, kileo au sukari pekee. Hahnemann hakuwa na njia ya kuyajua haya kwa hakika, kwa kuwa idadi ya chembe zilizomo katika kiasi fulani cha kitu ilikadiriwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Yeye aliamini kwamba kutikisa kunaamsha nguvu isiyoonekana ndani ya dawa, na kwamba nguvu hiyo ndiyo inayogusa uhai wa mgonjwa.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Homeopathia si tiba ya mitishamba. Mganga anayechemsha mizizi au majani humpa mgonjwa kitu chenye kemikali halisi, ambacho kinaweza kumfaa au kumdhuru. Homeopathia inaweza kuanza na mmea, madini au hata sumu ya nyoka, lakini kinachofika mkononi mwa mgonjwa mara nyingi hakina chochote cha kile kilichotajwa kwenye kibandiko.

Pamoja na hayo, jicho lake la kuchunguza halikupofuka. Kipindupindu kilipoingia Ujerumani mwaka 1831, alipendekeza kafuri, usafi na kuwatenga wagonjwa, na akaandika kwamba ugonjwa huo huenda unaenezwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla Robert Koch hajaitambua bakteria ya kipindupindu. Katika miji kadhaa ya Ulaya wagonjwa wa kipindupindu waliotibiwa kwa homeopathia walikufa kwa idadi ndogo kuliko waliotibiwa kwa kutolewa damu na kuharishwa. Sababu yake inaeleweka leo. Mwili unaopoteza maji kwa kipindupindu hauhitaji kupunguziwa damu wala kuharishwa zaidi, na asiyetiwa dawa yoyote alikuwa na nafuu kuliko aliyeharakishwa kaburini na tabibu.

Mgeni kutoka Paris

Henriette alifariki mwaka 1830, baada ya karibu miaka 50 ya ndoa iliyojaa kuhamahama na uhitaji. Wengi walidhani mjane huyo mzee angemaliza siku zake kimya akitunzwa na binti zake. Lakini Oktoba 1834 aliwasili Köthen mgeni kutoka Paris akiwa amevaa nguo za kiume, kama walivyofanya baadhi ya wanawake waliosafiri peke yao. Alikuwa Mélanie d'Hervilly, mchoraji na mshairi wa miaka 34, aliyekisoma kitabu cha Organon na kutaka kutibiwa na mwandishi wake. Januari 1835, Hahnemann akiwa na miaka 79, wakafunga ndoa. Mji mzima ukapigwa na butwaa.

Miezi michache baadaye walihamia Paris, na serikali ya Ufaransa ikampa ruhusa ya kutibu. Mzee aliyefukuzwa na wauza dawa wa Leipzig sasa alikuwa na magari ya farasi yaliyopanga foleni mlangoni pake. Matajiri na wasanii, akiwemo mpiga fidla Niccolò Paganini, walikwenda kwake, na maskini walitibiwa bure. Mélanie alijifunza tiba kando yake na akawa msaidizi wake mkuu.

Hahnemann alifariki Paris tarehe 2 Julai 1843. Alizikwa katika makaburi ya Montmartre, na mwaka 1898 mabaki yake yalihamishiwa Père Lachaise. Mélanie aliendelea kutibu, na mwaka 1847 alifikishwa mahakamani na kutozwa faini kwa kufanya udaktari bila kibali, katika nchi ambayo milango ya vyuo vya udaktari ilikuwa bado imefungwa kwa wanawake. Toleo la sita la Organon, ambalo Hahnemann alilikamilisha kabla ya kufa, lilichapishwa mwaka 1921.

Jaribio la Nuremberg

Mwaka uleule aliohamia Paris, jambo moja lilitokea Ujerumani ambalo historia ya tiba inalikumbuka hadi leo. Katika mji wa Nuremberg, ubishi kati ya madaktari na wafuasi wa homeopathia ulikuwa umepamba moto. Mfuasi mmoja alidai kwamba hata chumvi ya kawaida ikizimuliwa hadi hatua ya 30 huzusha dalili ambazo kila anayeinywa atazihisi. Wakazi wa mji wakakubaliana kulipima dai hilo hadharani.

Chupa 100 zilipewa namba na kuchanganywa. Nusu zilitiwa chumvi iliyozimuliwa, na nusu maji matupu ya theluji. Orodha ya namba ilifungwa kwa lakiri, hata waliozigawa chupa hawakujua kilichomo. Zaidi ya watu 50 walijitolea kunywa. Orodha ilipofunguliwa, ilibainika kwamba wengi mno hawakuhisi chochote. Wanane tu walisema wamehisi jambo lisilo la kawaida, na kati yao watano walikunywa chumvi iliyozimuliwa na watatu maji matupu. Tofauti hiyo haikuthibitisha lolote.

Njia iliyotumika Nuremberg, ya mnywaji na mgawaji wote kutojua kilichomo katika chupa, ndiyo njia ambayo hospitali na viwanda vya dawa duniani hutumia leo kuzipima dawa mpya. Ilikuwa pia kulitimiza dai la Hahnemann mwenyewe, kwamba dawa isiaminiwe kwa sifa za aliyeitoa bali kwa inavyofanya ndani ya watu.

Urithi wake na homa ya leo

Baada ya kifo chake homeopathia ilisambaa mbali. Ilipata vyuo na hospitali nchini Marekani katika karne ya 19. Nchini India iliingia mwaka 1839 kupitia tabibu Johann Martin Honigberger, aliyemtibu Maharaja Ranjit Singh wa Lahore, na mwaka 1973 ikawekewa sheria yake ya kitaifa. Leo India ina madaktari wengi wa homeopathia waliosajiliwa rasmi.

Ulaya, hata hivyo, milango ya hazina za serikali imekuwa ikifungwa. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zilizopo na kuhitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia inautibu. Huduma ya afya ya Uingereza ilipendekeza mwaka 2017 kwamba madaktari wake wasiiandikie tena, na Ufaransa, nchi iliyompokea Hahnemann uzeeni, iliacha kurejesha gharama za dawa hizo mwaka 2021. Wagonjwa wengi husema wamepata nafuu, nao hawasemi uongo. Mafua na maumivu mengi hupungua yenyewe, imani hutuliza, na kusikilizwa kwa saa nzima na mtu anayejali ni tiba ya namna yake. Lakini nafuu hiyo haiui vimelea vilivyomo katika damu.

Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba homeopathia isitumike kutibu virusi vya ukimwi, kifua kikuu, malaria, homa ya mafua wala kuhara kwa watoto wachanga. Tahadhari hiyo ilitolewa baada ya madaktari vijana kueleza wasiwasi wao juu ya kutangazwa kwa tiba hiyo katika nchi maskini, hasa za Afrika.

Gome lililomshawishi Hahnemann lina historia pia katika eneo hili. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kituo hicho kilitengeneza kwinini kwa ajili ya askari wao waliozingirwa. Wabelgiji waliipanda Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako zao hilo lilidumu miaka mingi. Kwinini ya miti hiyo iliokoa maisha kwa sababu ilikuwemo ndani ya dawa, kwa kiasi kilichopimwa. Leo nafasi yake kubwa imechukuliwa na dawa mseto, ambazo mgonjwa hupewa baada ya kipimo cha damu.

Malaria ingali inaua, na wengi wa wanaokufa ni watoto wa Afrika walio chini ya umri wa miaka mitano. Kwa mtoto mwenye malaria kali, saa chache za kuchelewa zinaweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo, hata kama alichopewa kwanza ni tone la maji lisilo na madhara. Mzazi ambaye mwanawe amechemka usiku anahitaji kufika zahanati, kupima damu na kupata dawa iliyothibitishwa. Hahnemann alianza safari yake kwa kuuliza kama dawa anayoagiza inamponya mgonjwa kweli, na swali hilo bado lina haki ya kuulizwa mbele ya kila tabibu na kila chupa, zikiwemo chupa zake mwenyewe.